Muhuri Ndani ya Mfuko Wangu wa Vitabu

Halima mwanangu,

Ninapoandika haya wewe umekaa uani kwenye mkeka, kichwa chako kiko katikati ya magoti ya Mama Safia, anakusuka kwa ajili ya safari ya kesho. Namsikia akikukataza kutikisika. Safia amepiga magoti kibarazani anaandika jina lako kwa rangi nyeupe juu ya sanduku lako la bati, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri kuliko wako, na kuliko wangu pia. Ameshafika kwenye herufi ya M. Dirisha liko wazi, lakini nimekaa upande ambao hamnioni. Maisha yangu yote nimependa kukaa mahali ambapo watu hawanioni. Mwaka huu nimejifunza kwamba mtu akikaa huko anaweza kufanya ubaya bila hata kupandisha sauti.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala za kutandika kitanda, wala za kuficha vitafunio. Hayo unayajua. Nataka kukuambia jambo nililofanya. Nikijaribu kulisema mdomo unakauka, unanijua nilivyo. Kwa kalamu angalau sentensi zangu hufika mwisho.

Najua msichana wa miaka kumi na saba hana haki ya kumwita mtu wa miaka kumi na miwili mwanangu. Lakini wewe ndiye uliyeanza. Haboba, nyanya yetu, alipofariki ulikuwa na miaka minne na mimi tisa, na siku ya tatu baada ya mazishi ukaniita Mama, nikaitika kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuitika. Unakumbuka kikao cha wazazi ulipokuwa darasa la kwanza? Baba alikuwa chini ya gari la mtu huko gereji, nikaja mimi, na sare yangu ya shule, nikakaa kati ya wamama. Mwalimu aliuliza nani mzazi wa Halima Ramadhani. Nilinyoosha mkono. Watu wakacheka mpaka mwalimu akafuta macho, kisha akanipa kitabu nitie sahihi. Nilitia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitia sahihi mahali ambapo pangekuwa pa watu wakubwa, na labda hapo ndipo nilipoanza kuzoea.

Baba alipochaguliwa mwenyekiti wa LC, lile baraza la mtaa wetu hapa Oli, cheamani kama watu wanavyosema, hakuwa ameomba. Alikuwa fundi aliyetengeneza pampu ya kisima mara tatu bila kudai kitu, na siku ya kura watu wakamsukuma mbele, wakajipanga nyuma yake. Alirudi nyumbani na kasanduku kenye muhuri na kidau cha wino wa zambarau, akaviweka juu ya meza kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake. Baba anasoma polepole, hilo unalijua, na mikono yake ina mafuta ya gari. Barua ya kwanza aliyoandika ilikuwa na alama ya kidole gumba kila pembe. Basi nikaandika ya pili. Na ya tatu. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anatia sahihi karatasi tupu kumi kila Jumapili jioni, ananiachia pamoja na muhuri, na anasema, "Zainabu, wewe unajua maneno. Mimi najua nati na boliti."

Unajua barua ya LC ilivyo hapa kwetu. Mtu hapati kitambulisho bila hiyo. Hafungui akaunti, haombi pasipoti, haingizi mtoto kwenye nafasi ya kusoma bure. Mlango wowote wa serikali unaotaka kuufungua, ufunguo wa kwanza ni karatasi moja inayosema fulani ni mtu wetu, anakaa hapa, tunamjua. Na karatasi hiyo ilikuwa inatoka kwenye mfuko wangu wa vitabu, kati ya kitabu cha hesabu na cha jiografia, muhuri ukiwa umefungwa kwa kitambaa changu cha shule ili wino usichafue.

Nitakuambia ukweli ambao unanitia aibu kuliko mengine. Nilipenda. Mimi ambaye darasani nikiulizwa jibu ninalolijua nanyamaza, nilipenda kumwona mtu mzima amekaa kwenye benchi letu akiningojea nimalize kunawa. Wamama waliokuwa hawajui jina langu walianza kuniuliza nimelalaje. Vijana wa boda walinipunguzia mwendo barabarani. Kwenye harusi nilipewa kiti. Mzee mmoja aliniita "Katibu", nikaenda chumbani nikajitazama kwenye kioo. Kiti kilikuwa cha Baba, lakini mimi ndiye niliyekuwa nakaa juu yake, na hakuna aliyeniona nimekaa.

Kisha kura zikakaribia tena, na aliyejitokeza kushindana na Baba ni Mzee Swaleh, yule aliyekuwa akiendesha malori ya Juba, shemeji yake Mama Safia. Mzee Swaleh hakufanya kampeni. Alikuwa anakaa tu pale kwa muuza kahawa na kila anayepita anamwuliza swali moja: "Mtaro ya chini, cheamani amemaliza?" Basi. Na kila mtu alijua kwamba mtaro haujaisha, kwa sababu ofisi ya jiji ilikuwa imeahidi makaravati ya kupitisha maji na hayajaja. Baba akiulizwa, anasema bado. Angesema nini? Nilijifunza wakati ule kwamba aliye nje ya kiti anaweza kuahidi mpaka mwezi, lakini aliye juu yake huulizwa habari za mtaro. Mafuriko yakiingia kwa mtu ni Cheamani. Mwizi akichukua kuku ni Cheamani. Hata mbwa wa jirani akibweka usiku kucha nilisikia mtu akisema, huyu cheamani yetu analala tu.

Niliogopa, Halima. Sikuogopa kwa ajili ya Baba, ingawa nilijiambia hivyo. Niliogopa kurudi kuwa msichana ambaye hakuna anayemngojea kwenye benchi.

Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwenye kitabu cha historia kwamba mtawala mwerevu hamnyimi mtu anachoomba, humngojesha tu. Sentensi ile ilinikaa kichwani. Wiki ya mwisho kabla ya kura alikuja Juma wa boda kutaka barua ya kitambulisho. Karatasi yenye sahihi ilikuwepo. Muhuri ulikuwepo. Nikamwambia arudi Jumanne. Akanitazama, akasema, "Jumanne, baada ya kura?" Nikatabasamu. Sikusema neno lolote baya. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akawasha pikipiki yake, akaenda. Nilijiona msafi kabisa, kwa kuwa sikuwa nimesema kitu.

Baada ya Juma nilimwambia hivyo fundi cherehani, na mama anayekaanga samaki, na yule mzee mwenye mguu mbovu aliyetaka barua ya hospitali, na wengine watano. Rudi Jumanne. Wote walitabasamu nilipotabasamu. Nilidhani wamefungwa kamba kwangu na watasimama nyuma ya Baba kwa sababu barua zao ziko kwetu. Baba hakujua. Alikuwa akirudi jioni ananiuliza, "Leo watu wamekuja?" na mimi nasema wachache tu.

Sasa nafika kwa Mama Safia, na hapa mkono wangu unataka kusimama.

Unajua alikunyonyesha. Unalijua kama watu wanavyojua kwamba Koboko iko kaskazini, umelisikia tu. Mimi niliona. Mama yetu alifariki siku ya tatu baada ya kukuzaa. Nilikuwa na miaka mitano nimeshika nguo ya Baba alipokubeba kuvuka njia hadi kwa Mama Safia, ambaye alikuwa na Safia wa wiki tano mkononi. Mama Safia hakumwuliza kitu, alimhamisha Safia upande wa kushoto, akakuchukua. Ndiyo maana wewe na Safia ni ndugu wa titi, na ndiyo maana mlifanya kila kitu pamoja, mpaka mtihani wa darasa la saba, mpaka fomu za nafasi ya kusoma bure kwenye shule ya bweni ya wasichana huko Koboko.

Faili lako nililipanga mwenyewe. Barua yako ya LC niliiandika siku ile ile fomu zilipofika, nikaigonga muhuri wino ukiwa bado haujakauka kwenye jina lako. Nilijua mwisho wa kupeleka mafaili ni Ijumaa saa sita mchana. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Mama Safia alikuja Jumatatu, wiki moja kabla ya kura. Alikuwa na karatasi za Safia kwenye mfuko wa plastiki, amezikunja vizuri. Alitaka kitu kile kile nilichokuandikia wewe. Lakini mimi nilimtazama nikaona shemeji wa Mzee Swaleh. Nikamwambia, "Mama, muhuri iko na Baba kwa gereji." Muhuri ulikuwa kwenye mfuko miguuni pangu, ungeweza kuugusa kwa kidole cha mguu.

Jumatano alirudi. Nilimwona kupitia dirisha hili hili. Nikakuita wewe, Halima, nikakuambia toka ukamwambie dada hayupo. Ulitoka ukamwambia. Nilisikia sauti yako ikisema hivyo bila wasiwasi, kwa sababu uliniamini mimi, nami nilikaa chini ya dirisha nimekumbatia magoti. Wewe hukujua unachosema. Nataka ulijue hilo leo na baadaye pia, kwamba hukujua. Lakini nilikufanya umfungie mlango mwanamke aliyekulea kwa maziwa yake, na nilitumia mdomo wako kwa sababu wangu ulikuwa na aibu.

Alhamisi Mama Safia alitembea mpaka gereji. Baba, ambaye hajui kusema uongo hata akitaka, alimwambia muhuri iko nyumbani kwa Zainabu kila siku. Akarudi, jua kali, viatu vina vumbi mpaka juu. Alisimama mlangoni. Safari hii nilikuwa nimekaa mezani, sikuwa na pa kujificha.

"Baba yako anasema muhuri iko huku," akasema. "Wewe unasema iko kule. Basi iko njiani inatembea. Mimi nitakutana nayo lini?"

Alisema akicheka. Alinipa nafasi, Halima. Sasa ninaelewa kwamba ule mzaha ulikuwa mlango alionishikia wazi ili nipite bila kuinama. Ningecheka, ningesema ah, kumbe iko hapa, nikaigonga, na mambo yangeisha. Badala yake nilisema labda Baba amechanganya, na arudi Jumanne.

Aliacha kucheka. Akasema, "Kesho ni Ijumaa, mwanangu."

Nikasema ninajua.

Alikunja mfuko wake wa plastiki, akaenda zake. Nilijiambia wataongeza siku, ofisi zote huongeza siku. Hawakuongeza.

Siku ya kura uliketi nami kwenye dirisha la darasa la tatu pale shuleni, kwa sababu mimi sijafika umri na wewe ulitaka kuona. Unakumbuka uwanja ulivyokuwa. Baba alisimama mbele upande wa mwembe mdogo, Mzee Swaleh upande wa goli, na watu wakaambiwa kila mmoja akasimame nyuma ya mtu wake. Sijui kama uliona jinsi ilivyo kwa anayesimama mbele. Amewapa watu mgongo. Haoni mstari wake. Baba alikuwa anatazama mbele kwa afisa wa kura, ameshika kofia yake, na hakujua kinachoendelea nyuma yake isipokuwa kwa kusikia.

Mimi niliona yote. Nilimwona Juma akija na boda yake, akaiegesha, akaenda moja kwa moja upande wa goli. Nilimwona fundi cherehani. Nilimwona yule mzee akiburuta mguu wake uwanja mzima ili asimame nyuma ya Mzee Swaleh, na mtu akampa bega. Mama wa samaki. Wote niliowatabasamia. Nilikuwa nikiwahesabu kwa midomo na wewe ukaniuliza nasoma dua gani.

Kisha akaja Mama Safia, amejifunga gurubaba yake ile ya sherehe. Alisimama katikati ya uwanja kidogo. Wanawake wa upande wa shemeji yake wakaanza kumwita na kumtania, kwamba amepotea njia, macho imekuwa mbaya, shemeji yake iko huku. Alienda akasimama nyuma ya Baba. Mstari ulikuwa mfupi hivi kwamba alikuwa karibu naye kabisa. Mmoja wa wale wanawake akamwuliza kwa sauti kama amerogwa, na yeye akajibu, nasi tulisikia mpaka dirishani, "Shemeji iko shemeji. Lakini huyu mutu aliniletea mutoto ya siku tatu, hata hakuuliza kama mikono yangu iko safi. Nani mwingine kwenu aliniamini hivyo?"

Wewe ulinishika mkono ukafurahi. Mimi nilitaka sakafu ifunguke.

Afisa alipita akigusa mabega ya watu na kuhesabu. Tofauti ilikuwa watu tisa. Baba alishindwa na watu tisa, nami ninaweza kukutajia majina yao wote, kwa sababu ni wale niliowaambia warudi Jumanne. Hakuna aliyekuwa amemchukia Baba. Kiti chake kilikuwa kimempa kila kitu cha kumfanya ashinde, jina linalojulikana, milango inayomfahamu, nami nilikichukua hicho hicho nikakigeuza kikawa kidole machoni mwa watu. Mtu anaweza kumsamehe mwenyekiti mtaro. Nadhani hawezi kumsamehe tabasamu la namna ile.

Baba alirudi akanawa mikono kwa muda mrefu, ingawa siku ile hakuwa ameshika gari lolote. Akasema, "Watu wamenichoka. Iko haki yao. Kiti haikuwa ya baba yangu." Kisha akauliza muhuri iko wapi, aurudishe. Niliutoa kwenye mfuko, na kitambaa chake. Tangu siku hiyo Baba hapiti tena kwa muuza kahawa, anazunguka kwa njia ya nyuma, na anaponiona ninasoma anasema mimi ndiye fahari yake. Kila akisema hivyo ninageuza ukurasa ambao sijausoma.

Majina yalipobandikwa, lako lilikuwepo na la Safia halikuwepo. Alikuwa amekushinda alama kwenye kila somo isipokuwa moja, na waliandika kwamba faili lake halikukamilika. Ulilia kwa ajili yake. Ukaja ukaniuliza, "Kwa nini Safia alichelewa?" Nikakujibu, labda mama yake alisahau.

Ule ndio uongo ambao ninauota. Yale mengine niliyafanya kwa hofu. Huo niliusema nimekaa, nimetulia, nakuchana nywele.

Mama Safia hajamwambia mtu yeyote. Anasema Mungu hakuandika. Lakini mtu aliyefanya mzaha wa muhuri unaotembea anajua vizuri ulikokuwa, na bado amekuja leo na kitana na mafuta ya nazi kukusuka. Sijui mtu anaishije hivyo. Nimesoma vitabu vingi na sijakutana naye ndani yake.

Jumanne ya wiki hii nilifanya jambo moja la kwanza la maana. Nilikwenda kwa Mzee Swaleh. Nilikaa kwenye benchi lake pamoja na watu, nikangoja zamu, karibu saa nzima, na wote wakiniangalia, binti wa cheamani wa zamani. Juma alikuwepo. Akanisogezea nafasi. Sikujua niweke macho wapi. Zamu yangu ilipofika nilisema nataka barua ya Safia, nikamweleza yote, tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Nilisema vibaya, nikirudia maneno, lakini nilisema. Mzee Swaleh alisikiliza. Kisha akafungua droo akatoa ule muhuri.

"Siku baba yako ananipatia hii kitu," akasema, "ilikuwa imefungwa kwa kitambaa ya shule. Nikajua nani alikuwa cheamani."

Akaandika barua mwenyewe, polepole, akaigonga, akanipa. Nilidhani atanisema. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, kama anamwambia mtu wa rika lake, kwamba tangu apate kiti watu wanamsalimia sana asubuhi mpaka anaogopa. "Zamani mutu alikuwa ananiambia Swaleh, shati yako iko chafu. Sasa hakuna. Natembea na shati chafu, wote wanasema Mzee umependeza." Akanitazama. "Wewe ulikaa na hii muhuri miaka. Ilikuwa inakuambia nini?"

Nikasema ilikuwa inaniambia kwamba mimi ni mtu.

Akasema, "Mimi pia," akaita anayefuata.

Karatasi ya kukubaliwa kwako inasema msichana asiyeripoti kufikia Ijumaa ya wiki ya kwanza anapoteza nafasi. Kila mwaka huwa kuna mmoja au wawili, na nafasi zao hupewa wengine. Kwa hiyo nimemwandikia mwalimu mkuu. Nimeweka pamoja barua ya Safia yenye muhuri, matokeo yake, na kurasa mbili zangu zinazoeleza kwa nini faili halikukamilika na kwamba kosa halikuwa lake wala la mama yake.

Kuna kitu ambacho lazima ukijue. Kwenye zile kurasa nilieleza pia kwamba barua yako wewe niliiandika na kuigonga mimi, juu ya sahihi ambayo Baba alikuwa ameitia kwenye karatasi tupu. Yaliyomo ni kweli, unakaa hapa, wewe ni mtu wetu. Lakini wanaweza kuuliza. Wanaweza kukuita ofisini. Sijui watafanya nini, na ninaogopa kwa ajili yako kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya kiti. Niliandika kwanza kurasa ambazo hazikutaja hilo. Zilikuwa nzuri sana, zilisomeka vizuri. Nilipozisoma mara ya pili nikaona ni mimi yule yule, na muhuri uko miguuni. Nikazichana.

Hutabeba bahasha hiyo. Usiogope. Baba anakupeleka kesho na ile pikapu aliyomaliza kuitengeneza, nami nitapanda, na nitaingia ofisini kwa mwalimu mkuu kwa miguu yangu. Sitakutuma tena kumwambia mtu kwamba sipo.

Huko Koboko huenda wakakufanya kiranja. Wewe unapendwa haraka, huna aibu zangu. Labda watakupa ufunguo wa kabati la vitabu, au daftari la majina ya wanaopiga kelele. Sina neno kubwa la kukupa kuhusu hilo. Nakuambia tu kwamba siku ya kwanza utakapomwona mtu anakungojea na ukahisi utamu kidogo hapa kifuani, si dhambi, ni utamu tu, mimi niliuonja. Siku hiyo mkumbuke Mama Safia mlangoni, viatu vyake vina vumbi, anacheka ili nisiaibike. Mpe mtu kitu chake aende zake.

Safia amemaliza jina. Nimemsikia akikuita uje uone, na Mama Safia akasema hakuna kuona mpaka misuko miwili iliyobaki iishe. Baba ameingia langoni sasa hivi, anaomba maji ya kunawa. Wote mko uani, nyinyi wanne, na jua bado lipo.

Barua hii nitaiweka katikati ya shuka zako. Utakapoisoma utakuwa umeshasikia yote kutoka mdomoni mwangu, kwa sababu ninatoka sasa kuyasema, kabla Mama Safia hajafunga msuko wa mwisho. Nimeandika hapa kwa kuwa najua nitayasema vibaya, na nilitaka uwe na nakala ambayo haijatetemeka. Sijui Baba atafanya uso gani. Sijui kama Safia ataendelea kushika ile brashi. Sijawahi kusimama kwenye uwanja na kuhesabiwa, wala kusimama mahali ambapo watu wote wanne ninaowapenda wananitazama kwa wakati mmoja.

Ukiona nimesimama mbele yenu nimenyamaza muda mrefu, usinisaidie. Ningoje.

Dada yako, na mama yako, ukikubali bado,

Zainabu